Kifuta Machozi Si Fidia

Bunge likiketi Dodoma, hukosi kumsikia mbunge wa jimbo linalopakana na hifadhi akiuliza familia za waliouawa na tembo zitalipwa lini fidia. Naibu waziri huinuka, huvuta kipaza sauti, na kabla ya kutaja hata shilingi moja humsahihisha mheshimiwa neno. Serikali hailipi fidia. Hulipa kifuta machozi kwa waliofiwa au kujeruhiwa, na kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao. Wengi huona hiyo ni janja ya kubana mfuko, na sitabishana nao. Ila jibu hilo lina uungwana mmoja ambao nimechelewa kuuona: mtoaji anasema kinagaubaga anachokitoa. Hadai kwamba amemlipa mama thamani ya mwanawe. Amempa leso.

Nimeikumbuka leso hiyo nikisoma mambo ya Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ambako Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958. Huko nako ilitolewa leso. Tofauti ni kwamba leso hiyo iliandikiwa mkataba, mkataba ukasema hii ni fidia, tena kamili na ya mwisho, kisha mlango ukatiwa komeo.

Jina la Bikini tunalijua kwa lile vazi la kuogelea. Mbunifu wa Paris alilipachika hilo jina Julai 1946, siku nne baada ya bomu la kwanza kulipuka huko, kwa sababu wiki ile dunia nzima ilikuwa ikitaja Bikini. Vazi limedumu. Wenye jina waliondolewa.

Jinsi walivyoondolewa inafaa kusimuliwa polepole. Jumapili moja ya Februari 1946, watu wametoka kanisani, gavana wa kijeshi wa Kimarekani, Komodoro Ben Wyatt, aliwakusanya akawaomba waondoke. Kwa muda tu, kwa faida ya wanadamu wote, na ili vita vikome duniani. Walioomba hao ndio waliowang'oa Wajapani visiwani miaka miwili nyuma, na meli zao za kivita zilikuwa njiani. Mtu angekataa kwa ubavu gani? Mkuu wao, Juda, alijibu kwamba wataondoka wakiamini kila kitu kimo mikononi mwa Mungu. Baadaye walifika wapiga filamu wakataka tukio lirudiwe mbele ya kamera. Likarudiwa, halafu likarudiwa tena. Juda ameketi mchangani anaulizwa upya swali ambalo jibu lake lilikwisha kupakiwa melini.

Watu 167 wakapelekwa Rongerik, ambako minazi ilikuwa michache na baadhi ya samaki walikuwa na sumu. Haikupita miaka miwili wakawa wamebaki mifupa kwa njaa. Wakahamishiwa kwenye mahema kando ya uwanja wa ndege wa kijeshi huko Kwajalein, na Novemba 1948 wakashushwa Kili. Mtu wa pwani atanielewa nikisema Kili haina maji ya ndani. Bikini ni atoli, yaani pete ya visiwa vya matumbawe iliyokumbatia bahari tulivu; unavua humo kutwa na mtumbwi wako. Kili ni kisiwa kimoja kidogo kinachopigwa na mawimbi pande zote, na msimu wa pepo kali hata mashua ya chakula hushindwa kukaribia. Watoto wa mabaharia wakakua hawajui kutweka tanga. Hebu mtafute mthamini yeyote umuulize hasara hiyo huandikwa safu gani kwenye fomu yake.

Bomu lililowafikia watu miilini lililipuliwa 1 Machi 1954, nalo liliitwa Bravo. Waliolitengeneza walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi. Likatoa 15, yapata mara 1,000 ya lile la Hiroshima, kwa sababu aina moja ya lithiamu waliyodhani haitafanya lolote iliingia katika mlipuko. Kule Rongelap, umbali kama wa Dar es Salaam na Morogoro ukipita angani, watu waliona mwanga mkubwa upande wa magharibi, kama jua limekosea njia. Saa chache baadaye yakaanza kuanguka majivu meupe. Yalikuwa matumbawe ya Bikini yaliyosagwa yakawa unga. Yakatua juu ya mapaa ya makuti, ndani ya matangi ya maji ya mvua, kwenye vyakula, vichwani. Watoto waliyachezea. Usiku ule watu walitapika na kujikuna, na siku zilizofuata ngozi zikachubuka, nywele zikawa zinatoka kwa mafungu. Siku ya pili maofisa wawili walitua na ndege, wakapima kwa mashine yao, wakaonya maji yasinywewe, wakaondoka. Wanajeshi 28 wa Kimarekani waliokuwa kituo cha hali ya hewa huko Rongerik waliondolewa kwanza. Watu wa Rongelap walichukuliwa siku ya tatu, na wa Utirik, walio mbali zaidi, siku ya nne.

Mwaka 1946, kwa mabomu madogo mno ukiyalinganisha na hilo, watu haohao wa Rongelap walihamishwa mapema kwa tahadhari. Mwaka 1954 waliachwa. Wakubwa walisema ni upepo. Sitasema ilikuwa makusudi, maana siwezi kulithibitisha, na makala hii yote ni juu ya nani anapaswa kuthibitisha nini. Lakini kilichofuata kimeandikwa. Ndani ya siku chache waliingizwa katika utafiti wa siri wa kitabibu ulioitwa Mradi 4.1, pasipo kuombwa ridhaa. Mwaka 1956, katika kikao chenye kumbukumbu rasmi, ofisa wa Tume ya Nishati ya Atomiki alieleza kwamba ingependeza kupata takwimu za watu wakiishi mahali palipochafuliwa namna ile. Kweli hawaishi kama sisi wastaarabu, alisema, lakini wanatukaribia sisi kuliko panya. Mwaka uliofuata walirudishwa Rongelap. Wakakaa huko hadi 1985, walipoiomba meli ya Greenpeace iwahamishe.

Hapa msomaji wa Tanzania, Rwanda au Burundi asogeze kiti. Visiwa hivyo havikuwa mali ya Marekani. Tangu 1947 vilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kama Tanganyika na Ruanda-Urundi. Aprili 1954, majuma machache baada ya majivu, Wamarshall waliandika ombi kwa Umoja wa Mataifa: majaribio yakome, na kama hayawezi kukoma, basi zichukuliwe hadhari zote. Walieleza kwamba kwao ardhi si mahali pa kupanda na kujenga tu, ni uhai wenyewe. Ombi lilijadiliwa New York na Baraza la Udhamini, baraza lilelile ambalo Machi 1955 Julius Nyerere alikwenda kulieleza madai ya Tanganyika. Sisi tulikuwa huru miaka 6 baadaye. Wao walipewa masikitiko na ahadi ya uangalifu, na mabomu yakaendelea hadi 1958. Mkataba wa udhamini ulimwagiza mdhamini awalinde wenyeji wasipoteze ardhi na mali zao, na ailinde afya yao. Kwetu mdhamini ni yule anayesimama mahakamani ulale nyumbani usilale rumande. Huyu ndiye aliyeichoma nyumba.

Tuje kwenye hati yenyewe. Mwaka 1986 Visiwa vya Marshall vilipata uhuru kwa mkataba wa ushirika na Marekani. Kifungu chake cha 177 kinasema Marekani inakubali wajibu wa kulipa fidia ya majaribio. Yakafuata makubaliano: dola milioni 150 ziwekwe katika mfuko wa uwekezaji, na kwa hizo madai yote yamekwisha, yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Lisome tena hilo la yajayo. Kesi zilizokuwa tayari katika mahakama za Marekani zikafutwa kwa nguvu ya maneno hayo. Mtu anayedai uhuru wake na fidia yake katika hati moja, mbele ya mtu mmoja, hana nafasi ya kupandisha bei. Tena alitia saini gizani: nyaraka nyingi za siri, zikiwemo zilizoonyesha kwamba majivu yalifika mbali kuliko atoli nne zilizotajwa katika makubaliano (Bikini, Enewetak, Rongelap na Utirik), zilifunguliwa katika miaka ya 1990, wino umekwisha kukauka.

Makubaliano hayo yaliunda Baraza la Madai ya Nyuklia, mjini Majuro, likatengewa dola milioni 45.75 za kulipa tuzo. Baraza lilikuwa na hasara ya kuifanya kazi yake sawasawa. Lilisikiliza, likapima, likahukumu. Mwaka 2001 liliwapa watu wa Bikini tuzo ya dola milioni 563. Mwaka 2007 likawapa watu wa Rongelap zaidi ya dola bilioni 1. Ukijumlisha Enewetak, Utirik na wagonjwa mmoja mmoja, inapita dola bilioni 2, na kisanduku kina milioni 45.75. Watu wa Bikini walipokea dola milioni 2.3 hivi za tuzo yao, chini ya nusu ya asilimia moja. Wagonjwa walilipwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wengi walizikwa kabla ya fungu la mwisho. Serikali yao iliomba Bunge la Marekani, mwaka 2000, lifungue suala upya, maana makubaliano yaliacha upenyo ikiwa mambo yatabadilika. Serikali ya Washington ikajibu hakuna msingi wa kisheria. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuwasikiliza watu wa Bikini.

Watetezi wa mkataba hupenda kuuliza: ugonjwa gani hasa umetokana na bomu? Ni swali linaloonekana la haki mpaka ulifuate linakokwenda. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walikadiria kwamba majivu yangeleta saratani 170 hivi miongoni mwa Wamarshall waliokuwa hai zama zile, kama asilimia 1.6 ya saratani zote ambazo watu hao wangeugua. Miaka 6 nyuma makadirio ya taasisi hiyohiyo yalikuwa yamefika 500 na ushee. Haya, tuchukue hesabu ndogo. Ni watu 170. Ni akina nani? Uvimbe wa tezi ya shingo hauji na risiti. Hakuna daktari awezaye kuwapanga wagonjwa akasema huyu ni wa Bravo, yule angeugua tu. Ukimtaka kila mgonjwa athibitishe, hatalipwa hata mmoja, na wale 170 wamo humo. Kumbukumbu za kipimo cha mionzi alichopata, kama zipo, zimo katika makabati ya aliyemdhuru.

Baraza la Majuro lililiona hilo. Likauliza mawili tu: ulikuwepo visiwani miaka ile, na unaumwa mojawapo ya magonjwa yaliyo kwenye orodha? Basi, imetosha. Hawakulitunga wao. Walinakili Washington. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipa raia wake walioishi upande uliopepewa majivu ya majaribio ya Nevada: dola 50,000, bila kuthibitisha chanzo cha ugonjwa. Fedha zikipungua, Bunge huongeza. Sheria hiyo imelipa zaidi ya dola bilioni 2.5. Muda wake ulipokwisha 2024 kelele zilipigwa, na 2025 ikafufuliwa, malipo ya watu hao yakapanda hadi dola 100,000. Nawapongeza, walistahili. Lakini mabomu ya Visiwa vya Marshall, yote pamoja, yalikuwa na nguvu takriban mara mia ya yale yaliyolipuliwa angani Nevada. Kwa hiyo Wamarekani wanajua vizuri kabisa fidia ya mionzi inavyotengenezwa. Wameitengeneza nyumbani, na imefanya kazi.

Mjomba wangu alipitiwa na barabara. Nilikuwa shambani kwake siku mthamini alipokuja, kijana mwenye adabu, na kopo la rangi nyekundu. Kila mnazi ukapata namba: unaozaa bei yake, mche bei yake, uliozeeka bei yake. Mjomba alimfuata nyuma kama anayesindikiza jeneza. Walipofika kwenye mnazi kilipozikwa kitovu chake, akasema, huu usiuandike. Kijana akamwambia, mzee, nisipouandika hutalipwa. Mjomba akamjibu, ndiyo maana nakwambia usiuandike.

Minazi ya Bikini ingemshinda hata kijana yule. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba wenyeji wanaweza kurudi. Minazi mipya ikapandwa kwa mistari, familia zikaanza kurejea, minazi ikazaa vizuri tu. Kumbe udongo wa matumbawe una potasiamu haba, na sesiamu-137, mabaki ya bomu, mbele ya mmea inafanana na potasiamu. Mnazi wenye njaa ukainyonya. Ikapanda toka mzizini hadi kwenye dafu, toka kwenye dafu ikaingia mtu. Walipopimwa, ilionekana miili yao imebeba kiasi kisichovumilika, na 1978 wakahamishwa mara nyingine. Mti una afya, dafu tamu, hakuna harufu wala doa. Nani angeyajua hayo siku ya kuthamini? Na ndiyo maana neno "mwisho" katika hati ya mionzi ni sawa na kusoma hitima ya mgonjwa ambaye bado anakohoa chumba cha pili.

Enewetak hali ni hiyo kwa namna nyingine. Wanajeshi walikusanya udongo na vifusi vyenye mionzi wakavitia ndani ya shimo lililochimbwa na bomu la 1958 katika kisiwa cha Runit, wakalifunika kwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 46. Kazi ilikwisha 1980. Juu waliziba, chini hawakusakafia. Ndani mna plutoniamu, ambayo huchukua miaka 24,000 kupungua nusu.

Wapo watakaoniambia: fedha hata wakipewa huliwa. Si uongo mtupu. Mfuko wa kuwarejesha watu wa Bikini, uliotoka katika fedha nyingine za Marekani, ulikuwa na dola milioni 59 hivi mwaka 2017, usimamizi wa Washington ulipoondolewa ukaachiwa baraza lao la mtaa. Kufikia 2023 ulikuwa umebaki karibu mtupu. Wananchi wana haki ya kuwashika mashati viongozi wao, na nawaombea wawashike barabara. Lakini tangu lini deni likafutwa kwa mdaiwa kuchungulia mdai anavyotumia? Mjomba wangu fedha za minazi alinunulia bodaboda mbili, moja ikaibwa mwezi wa kwanza. Barabara haikurudishwa.

Wengine watataja mkataba uliohuishwa 2024: dola bilioni 2.3 kwa Visiwa vya Marshall katika miaka 20. Ni fedha nyingi kwa nchi ndogo, na Marekani haizitoi bure. Inaendelea kutumia Kwajalein kufanyia majaribio ya makombora, na inataka wengine wakae mbali na maji yale. Hata hivyo msimamo wake haujabadilika, kwamba madai ya nyuklia yalikwisha 1986. Kwa hiyo hizo si fidia, kwa kauli yake yeye mwenyewe. Hapo walau amefika alipofika naibu waziri wetu.

Wala si Marekani peke yake. Ufaransa ililipua mabomu 193 huko Polynesia, ikatunga sheria ya fidia 2010, kisha ikachomeka ndani yake maneno juu ya hatari isiyo na uzito. Kwa maneno hayo maombi karibu yote yakatupwa, mpaka yalipofutwa 2017. Waingereza walijaribia mabomu yao kisiwani Kiritimati mbele ya askari wa Fiji. Mwaka 2015 serikali ya Fiji ilichoka kusubiri ikawalipa wazee hao kwa fedha zake yenyewe. Na kwetu huku, uraniamu iliyoanzishia kazi hii yote kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mikononi mwa wachimbaji ambao wajukuu wao wanazungumza Kiswahili hikihiki. Sijasikia baraza la madai lililowahi kuketi Likasi.

Ninachodai kwa ajili ya Wamarshall si kigeni. Tuzo za Baraza la Majuro, zilizotolewa na chombo ambacho Marekani ilikubali kwa saini yake kiundwe, zilipwe. Orodha ya magonjwa na utaratibu wa kutomtaka mgonjwa ushahidi viwe vilevile alivyopewa mtu wa Utah, jimbo jirani na Nevada. Neno "yajayo" litolewe katika makubaliano, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuuza ugonjwa wa mtoto ambaye hajazaliwa. Na kama Washington inaona hayo ni makubwa mno, basi ifanye kama Dodoma: iandike upya karatasi, iseme kile kilikuwa kifuta machozi, halafu tuanze kuzungumzia fidia.

Watu wa Bikini wameshasema lao kwa kitambaa. Wana bendera yao, na ukiiona kwa mbali utadhani ni ya Marekani: mistari myekundu na myeupe, pembeni uwanja wa buluu wenye nyota. Imefanywa hivyo kusudi, ili mwenye bendera ile nyingine asisahau. Nyota ni 23, kwa visiwa vya atoli yao. Kuna nyota nyingine tatu nyeusi juu upande wa kulia, kwa visiwa ambavyo Bravo iliviyeyusha, na mbili nyeusi chini, mbali na zile za kwanza: Kili, na Ejit huko Majuro, walikohamishiwa. Sehemu ya chini ya bendera kuna mstari mmoja wa maneno ya Kimarshall. Ni maneno ya Juda ya mwaka 1946, yale ambayo wapiga filamu walimrudisha mchangani ayaseme tena.